Je, wajua kwa nini taa zinawaka lakini gari halipigi stata?

Unazungusha ufunguo, dashibodi yote inawaka, redio inaimba, kisha chini ya boneti unasikia tik-tik-tik-tik. Injini kimya. Atatokea mtu tu wa kukwambia, "Betri ni nzima, si unaona taa?" Stata nyingi, yaani mota za kuzungusha injini ili iwake, zimefunguliwa bure kwa sababu ya kauli hiyo.

Taa si shahidi wa kuaminika. Taa mbili kubwa za mbele za wati 55 kila moja hula takriban ampea 9. Stata ya gari dogo la petroli hudai ampea 100 hadi 200 kwa mkupuo. Betri iliyochoka inaweza kulisha taa jioni nzima, ila ikidaiwa mzigo wa stata, volti zake 12 na ushee zinaporomoka papo hapo.

Na ule mlio? Juu ya stata kuna solenoidi, yaani sumaku ya umeme inayounganisha waya mnene wa betri na mota. Ikivuta, mota inadai umeme wake, volti zinaanguka, sumaku inalegea, springi inairudisha nyuma. Mzigo ukiondoka volti zinapanda tena, sumaku inavuta tena. Hivyo hivyo, mara kadhaa kwa sekunde, hadi uachie ufunguo.

Kabla ya kununua betri mpya, tazama vichwa vyake, pale nyaya zinapofungwa kwa klempu. Ule unga mweupe au wa kijani pale kwenye klempu ni kizuizi kikubwa kuliko unavyoonekana. Unga huo ukizuia umeme kwa omu 0.02 tu (omu ni kipimo cha ukinzani), taa zenye ampea 9 zinapoteza volti 0.18, huwezi hata kuona tofauti. Stata ikivuta ampea 150 kupitia unga huohuo, inapoteza volti 3. Kwenye Toyota nyingi spana namba 10 inatosha: fungua hasi kwanza, safisha kwa maji ya moto na brashi ya waya, kausha, kisha funga chanya kwanza na hasi mwisho. Klempu ikizunguka kwa mkono, hujaikaza.

Ukitaka uhakika, washa taa kubwa halafu piga stata huku mtu akizitazama kwa mbele. Zikififia hadi kukaribia kuzima, tatizo ni betri au vichwa vyake. Zikibaki kali na ukasikia "ta!" moja tu, sasa ndiyo uitazame stata: huenda makaa yake, yale yanayopitisha umeme ndani ya mota, yamekwisha. Zikibaki kali bila mlio wowote na gari ni la oto, sogeza gia kwenye N ujaribu tena, maana swichi ya gia ikichakaa huzuia umeme usifike kwenye stata. Lakini injini ikizunguka vizuri na haiwaki, achana na betri. Hapo ni mafuta au moto wa plagi.

Kusukuma ili kulishtua kunafaa gari la manyuo, yaani la gia za mkono. La oto mtatoka jasho bure, kwa sababu pampu ya gia inazungushwa na injini, na bila presha ya oili matairi hayawezi kuigeuza injini.

Ukibustiwa, yaani ukiazimwa umeme wa betri nyingine, likawaka, pima volti kwenye betri injini ikinguruma. Alternata, mtambo unaochaji betri injini ikizunguka, ikiwa nzima kwa kawaida hutoa volti 13.8 hadi 14.5. Ukikuta 12 au pungufu, betri mpya nayo itaisha vilevile.