Ufafanuzi: Mfumo wa kidijitali hauzuii wizi wa fedha za kijiji peke yake

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu kila mara: kijiji kikishaanza kutumia mfumo wa fedha wa kidijitali, hakuna anayeweza kuiba, kwa hiyo kusomeana mapato na matumizi mkutanoni ni kupoteza muda.

Si kweli. Mfumo huhesabu kile kilichoingizwa tu. Ushuru uliopokelewa mkononi bila risiti haumo humo. Vilevile, mwandishi wa malipo na muidhinishaji wakitumia nywila moja (na hutokea, kwa kisingizio cha kuokoa muda), ulinzi umekwisha.

Mfumo unachosaidia kweli ni kuacha alama: nani aliingiza malipo, lini, na nani aliyarekebisha. Alama hizo hazina faida asipokuwepo wa kuzisoma.

Kuhakiki si kazi ngumu. Chukua risiti yako, omba ioneshwe kwenye ripoti kwa namba yake. Linganisha ripoti na taarifa ya benki. Kama imeandikwa mifuko ya saruji, nendeni mkaone ukuta.

Mkanganyiko unaeleweka, karatasi iliyochapwa vizuri hutia imani kuliko daftari lililofutwafutwa. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.