Jino likimeguka si lazima ling'olewe jamani

Wiki hii nimesikia tena. Mtu anakaa kwenye kiti, na kabla sijagusa chochote ananiambia dokta we ng'oa tu hilo, limeshakwisha. Naangalia naona gego la chini, ukuta mmoja umemeguka, tundu ni kubwa kweli, lakini mizizi iko imara, fizi nzuri, halitikisiki. Sasa hilo limekwishaje?

Alikuwa mama anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, alitafuna michembe mikavu kipande kikaruka, na majirani wote wakamwambia jino likishameguka halizibiki. Wana nusu ya ukweli, ndo maana hii dhana inanisumbua kuliko zote. Tundu kubwa ukilijaza kwa mzibo wa kawaida, ule mzibo unakaa katikati kama kabari, kuta zilizobaki ni nyembamba, kila ukitafuna zinasukumwa nje mpaka siku moja zinapasuka. Halafu kompoziti, ule mzibo wa rangi ya jino, huwa inasinyaa kidogo inapokuwa ngumu, kwenye tundu dogo wala hujui, kwenye tundu kubwa inavuta kuta au inaacha upenyo pembeni na uozo unaanza upya humo. Basi mtu anasema nilizibwa likatoka, mtaa mzima unaamini dawa ni koleo.

Jino la hivyo linataka inlei au onlei, yaani kipande cha kuzibia kilichotengenezwa maalumu. Inlei inakaa ndani, katikati ya vile vinundu vya kutafunia, onlei inapanda juu na kufunika kinundu kimoja au zaidi, kwa hiyo nguvu ya kutafuna inatua juu ya kipande badala ya kupanua kuta. Kipande chenyewe kinatengenezwa nje ya mdomo kwa kufuata kipimo cha jino lako, kwa kauri au kompoziti au dhahabu, kisha kinagundishwa. Na sio majaribio ya juzi. Daktari wa meno Taggart kule Marekani alionyesha namna ya kumimina inlei za dhahabu mwaka 1907, na mwaka 1985 kule Zurich walishaanza kuzichonga kwa mashine ya kompyuta. Hata kama kiini, ile nyama ya ndani yenye neva, kimekufa, tunatibu mzizi kwanza halafu onlei inafuata juu.

Kung'oa ni rahisi siku hiyo tu. Baadaye jino la juu linashuka kutafuta mwenzake, la jirani linalalia pengo, chakula kinanasa pale kila siku na unaanza kutafunia upande mmoja. Ya kung'oa yapo, siwezi kukudanganya, mfano jino likipasuka mpaka kwenye mzizi au uozo ukizama chini ya mfupa. Ila hilo linajulikana baada ya eksirei, sio baada ya kuuliza majirani.

Wengine wanasema onlei ni kofia ileile ya kufunika jino zima, jina tu. Hapana, kofia inataka jino lichongwe pande zote hata pale palipo pazima, onlei tunatoa kilichooza na kilichodhoofika tu, na jino ukishalichonga halioti tena, kwa hiyo mimi nikiweza kubakiza nabakiza.

Na ile dhana kwamba ukiwekewa onlei jino haliozi tena: kauri haiozi, jino lililoizunguka linaoza kama kawaida. Piga mswaki na pitisha uzi pale kwenye maungio. Na vizibo vya soda tafuteni opena, nawaomba.

Na ile kwamba ni wadudu wanakula jino: hakuna funza humo, ni bakteria wanakula sukari wanatoa asidi. Na meno ya kahawia ya mtu aliyekulia Arusha mara nyingi ni floraidi ya maji, sio kuoza, asikubali kung'olewa kwa ajili ya rangi.

La mwisho hili linaniuma. Kazi hii kwa kawaida ni safari mbili: ya kwanza tunaondoa uozo, tunachukua kipimo, tunaweka mzibo wa muda, ya pili kipande kikishatoka maabara tunakigundisha. Sasa mtu akitoka siku ya kwanza maumivu hayapo, anaona amepona, anapanda meli anarudi zake Ukerewe, tarehe inafika haonekani, simu anasema aah dokta niko fresh. Mzibo wa muda ni laini, umewekwa wa wiki mbili hivi, hauwezi kubeba sangara na muwa nusu mwaka. Anakuja kurudi umeshalika, uozo umefika kwenye kiini, na kipande chake nikikijaribisha hakiingii kwa sababu meno yameshasogea, tunaanza upya na hela upya. Hivi ninavyoandika ninavyo vipande vitatu kwenye droo vinasubiri wenyewe. Kama kimoja ni chako njoo wiki hii, usisubiri liume.