Lango la maiti: geti la kanisa lenye majina ya waliokufa vitani

Katika vijiji vingi vya Uingereza, huingii uani kwa kanisa kabla ya kupita chini ya kibanda cha mbao za mwaloni chenye paa la vigae. Njia inakatiza katikati, mabenchi yako kulia na kushoto. Wenyewe hukiita lichigeti. Sehemu ya kwanza ya jina imetoka Kiingereza cha kale, na maana yake ni maiti. Lango la maiti, basi, bila tafsida.

Na kazi ilikuwa hiyo. Tangu 1549 Kitabu cha Sala cha Waanglikana kinamtaka kasisi aulaki mwili penye lango la ua wa kanisa. Waliotoka mbali na marehemu mabegani walihitaji mahali pa kumtua, wapumzike, wasinyeshewe (na mvua ya huko haina msimu) mpaka kasisi afike. Malango mengine hata yana jiwe refu katikati, la kulaza jeneza.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza vijiji kadhaa vilichanga pesa vikajenga malango mapya ya namna hii kuwakumbuka vijana wao. Majina yalichongwa upande wa ndani, chini ya paa, na pengine ukoo mmoja unajirudia mara mbili, tatu. Baada ya 1945 yakaongezwa ya vita vya pili.

Kinachonigusa mimi ni hiki: miili yenyewe haikurudi. Mwaka 1915 wakubwa wa jeshi walipiga marufuku kuirudisha, maana wenye mali wangeleta wa kwao, na maskini je? Askari akazikwa alikoangukia: Ufaransa, Gallipoli kule Uturuki, hata huku kwetu Taveta na Morogoro. Kwa hiyo wazazi walijenga mahali pa kupokelea jeneza ambalo walijua haliji. Anayejua tunavyochangishana ili mwili wa ndugu urudi nyumbani ataelewa uzito wake.

Novemba, mwezi wa kuwakumbuka waliokufa vitani, huwekwa mashada ya maua mekundu ya karatasi. Siku nyingine geti ni geti tu: maharusi hutokea hapo hapo, chini ya majina yale, na sehemu nyingine watoto hulifunga kwa kamba mpaka bwana harusi awarushie sarafu.