Paa la asbesto: hatari kubwa ni siku ya kulivunja

Malindi bado ina mapaa mengi ya kijivu yenye mawimbi, yaliyoingia weusi wa kuvu kwa kunyeshewa miaka na miaka. Utayaona kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa serikali, kwenye madarasa, na kwenye maghala. Hiyo ni asbesto. Mimi ni afisa wa afya ya umma, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Daktari, tuhame?" Huwajibu kwamba paa likiwa zima, halijapasuka wala kumomonyoka, mtu aendelee kukaa. Asipande juu na nyundo tu.

Waliotuwekea mapaa haya walikuwa na sababu. Asbesto ni jiwe linalochimbwa ardhini, lakini ukilichambua linatoa nyuzi laini ambazo haziungui, hazipati kutu, na kemikali nyingi haziziwezi. Kila aliyejenga pwani anajua chumvi inavyoyala mabati ya chuma. Anajua pia kwamba makuti, pamoja na ubaridi wake wote, cheche moja ikichukuliwa na upepo inatosha kuteketeza nyumba tatu nne. Ndipo likaja bati la asbesto: simenti kwa sehemu kubwa, na nyuzi kiasi cha asilimia 10 hadi 15 za kuishika. Halikuoza, halikuungua, na mvua ya masika ikinyesha mlisikilizana ndani. Nyuzi hizohizo zilitiwa kwenye mabomba ya maji na breki za magari, na zikafungiwa mabomba ya mvuke kwenye vyumba vya injini za meli.

Sifa hizo za kutoungua na kutooza ndizo zinazoua zikifika ndani ya mapafu.

Nina kipande kidogo nilichokifungia ndani ya chupa ya kioo, huwaonyesha mafundi. Ukingo wake uliovunjika umetoa manyoya meupe, kama pindo la kikoi lililofumuka. Kila unywele unaouona pale ni tita la nyuzi nyingi, na nyuzi zenyewe zikiachana ni nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni. Zinaelea hewani kwa saa nyingi. Ukizivuta zinapita puani, zinapita kooni, zinakwenda kutua mwisho kabisa wa mapafu. Chembe za kinga za mwili huzivamia ili zizimeze, lakini uzi mrefu haumezeki. Chembe zinakufa, nyingine zinakuja, na mahali pale panabaki na uvimbe usiopoa mwaka baada ya mwaka.

Mapafu yakijaa makovu kwa namna hiyo yanakakamaa, mtu anapanda ngazi mbili anahema. Huo ni ugonjwa wa asbestosisi. Kuna saratani ya mapafu, ambayo kwa mvutaji sigara hatari yake hupanda maradufu na zaidi. Na kuna mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo, ambayo mara nyingi chanzo chake ni asbesto. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake walieleza wagonjwa 33 wa saratani hiyo kutoka Afrika Kusini, wengi wao wakiwa watu wa maeneo ya machimbo ya asbesto ya buluu. Baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Waliishi jirani tu. Wapo wauzaji waliotetea asbesto nyeupe kwamba ina nafuu. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameziweka aina zote, nyeupe, ya kahawia na ya buluu, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Shirika hilo linakadiria kuwa asbesto ya makazini huua watu zaidi ya 200,000 kila mwaka.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba ugonjwa huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Fundi aliyekata mabati akiwa kijana anaanza kukohoa akiwa na wajukuu, na kila mtu anafikiri ni kifua kikuu. Mzee wangu, ukienda hospitali na kifua kisichopona, mwambie daktari kazi ulizofanya ujanani, hata zile za miezi michache.

Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, kwa hiyo tunazungumzia mapaa ya zamani, na haya sasa yanaezuliwa kila mahali watu wanapokarabati. Hapo ndipo ninapoomba mnisikilize. Fundi anapiga nyundo, mabati yanatupwa chini yanapasuka, vumbi linapeperushwa hadi uani kwa jirani. Kisha vipande havikai: kimoja kinazibia banda la kuku, kingine kinakinga jiko na upepo, watoto wanachukua vidogo wanachorea sakafuni. Vumbi lililokuwa juu ya paa limeshuka hadi usawa wa pua ya mtoto.

Kuezua ni kazi ya mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Bati linaloweshwa maji kwanza, linafunguliwa zima bila kukatwa kwa msumeno, linashushwa kwa mikono, linafungwa kwa nailoni nzito tabaka mbili, linaandikwa alama ya hatari, na linakwenda kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii nyuzi hizi. Gharama ni kubwa, najua, na ndiyo maana ninaona serikali ya kaunti ingebeba mzigo wa mapaa ya shule badala ya kuwaachia kamati za wazazi.

Kama tayari una vipande uani, usivifagie na usivichome. Viloweshe maji, vifunike, zuia watoto, kisha utuite. Maji ya mvua ya paa hilo hayajathibitika kudhuru kwa kunywa, lakini tope la kwenye mfereji likikauka ni vumbi, basi lisafishwe likiwa bado bichi. Na fundi aliyeshinda kwenye vumbi asiingie nyumbani na nguo zile. Kwingineko duniani wamekufa wake ambao kazi yao ilikuwa kuzikung'uta na kuzifua nguo za waume zao.