Gari haliendi kwa maji ya bomba

Kwenye magrupu ya madereva hapa Moshi ujumbe ule umerudi: tia maji kwenye tangi, haidrojeni iliyomo itaendesha injini. Haidrojeni huwaka, hilo kweli. Lakini maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua na oksijeni. Ni kama majivu. Kuitenganisha hula nishati isiyopungua ile utakayoipata ikiungua tena. Chovya nyaya za betri ya volti 9 kwenye glasi ya maji yenye magadi kidogo: vipovu vitapanda, na betri itaisha.

Kinachochanganya watu ni kwamba magari ya haidrojeni yapo, ila hubeba gesi iliyotengenezwa kwingine. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Kuna atakayejaribu, na maji huharibu injini.