"Walimu wangu wamekubali wote": dhana potofu kuhusu wakuu wa shule na mageuzi ya elimu

Nafundisha wakuu wa shule wanaojiandaa kupokea mtaala mpya. Katika kila kundi hakosi mmoja wa kuniambia, kwa uso mkunjufu kabisa: "Kwetu hilo si tatizo. Kwetu mkubwa akisema, wadogo wanafuata." Wenzake huitikia kwa vichwa. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, kwa hiyo sasa naijibu kwa maandishi.

Dhana: Kwenye jamii zinazoheshimu mamlaka, mageuzi ni mepesi kwa sababu walimu hutii.

Siku hizi wanaosema hivi hunionyesha hadi takwimu. Mwaka 1980 mtafiti Mholanzi Geert Hofstede alichapisha uchambuzi wa madodoso zaidi ya 100,000 ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM kutoka nchi nyingi, akazipanga nchi hizo kwa kipimo alichokiita umbali wa mamlaka, yaani pengo kati ya mkubwa na walio chini yake. Ufilipino ilikaa juu, Austria na Denmark chini. Watu wakahitimisha kwamba kule juu amri inapita, na kule chini kila kitu ni mjadala.

Kabla hujakibeba kipimo hicho, kitazame kilivyoundwa. Mojawapo ya maswali yanayokijenga linauliza ni mara ngapi wafanyakazi huogopa kumwonyesha bosi kwamba hawakubaliani naye. Alama ikiwa kubwa, maana yake hofu ya kupinga ni kubwa. Kuhusu kukubali, haikwambii kitu. Mwalimu aliyekubali na mwalimu anayeogopa kupinga wakiketi kikaoni huwezi kuwatofautisha. Utawatofautisha darasani, mlango ukishafungwa. (Tena hao walikuwa watu wa kampuni ya kompyuta, hawakuwa walimu, na Hofstede mwenyewe alionya kwamba wastani wa taifa usitumiwe kumpima mtu mmoja mmoja. Onyo hilo sijawahi kuletewa.)

Kinachofuata hakibadiliki. Waraka unafika, mkuu anausoma, anauliza kama kuna swali, kimya. Baada ya muda maandalio yote ya somo yana vichwa vipya: umahiri, shughuli za mwanafunzi, upimaji endelevu. Ukiingia darasani, mwalimu anaandika ubaoni na watoto wananakili kama zamani. Fomu za upimaji zinajazwa kwa mkupuo mwisho wa muhula, kwa kalamu moja. Mkuu anapeleka ripoti kwamba utekelezaji umekamilika, na afisa aliye juu yake, ambaye naye hakuna anayethubutu kumpinga, anaipitisha. Shule ambayo walimu wake hubishana inachosha kuiongoza, ndiyo. Lakini mkuu wake anajua mapema kwamba idara ya hisabati haijaelewa kitu.

Anayedhani haya ni mawazo ya kigeni aiangalie Thailand. Sheria ya Elimu ya Taifa ya 1999 ilidai ufundishaji unaomweka mwanafunzi katikati, katika nchi ambayo kumpinga mkubwa usoni ni utovu wa adabu. Watafiti Philip Hallinger na Pornkasem Kantamara walichunguza shule tatu za huko zilizokwisha kufanikiwa kubadilika. Wakuu wake hawakutegemea amri: walishirikisha walimu, wakajenga vikundi vya kazi, wakachanganya shinikizo na msaada, na mafanikio wakayasherehekea. Japani nako jambo zito huzungumzwa kwanza na mtu mmoja mmoja, na kikao huja kuthibitisha yaliyokwisha kusukwa. Mgeni akikiona kikao hicho kilivyo kimya, ataapa kwamba mkuu ameamuru.

Kwa hiyo palipo na heshima nyingi, kazi ya mkuu inaongezeka: lazima aufuate ukweli mwenyewe, kwa sababu hautamjia ofisini. Ushauri wangu, ambao wanaonijua wamechoka kuusikia, ni kwamba mkuu azungumze mwisho. Jambo lianzie kwenye idara za masomo bila yeye kuwepo, na kila idara ilete mambo mawili ambayo haiyaoni yakiwezekana. Lazima yawe mawili. Idara isiyoleta kitu irudi ikakae tena. Hapo lawama haina mwenyewe, maana neno ni la idara, na aliye mdogo kwa umri hajamkosea mtu heshima. Lile swali la "mmeelewa?" liacheni kabisa, hakuna mtu mzima atakayejibu "hapana" mbele ya wenzake. Ulizeni kitakwama wapi. Na ukubwa wenu utumieni panapostahili, kumkinga mwalimu anayejaribu njia mpya na kukosea, pale mkaguzi au mzazi anapomjia juu.

Dhana: Uongozi wa ufundishaji ni kukagua madarasa.

Mtafiti Viviane Robinson na wenzake walichambua kwa pamoja tafiti nyingi mwaka 2008. Kati ya mambo wanayofanya viongozi wa shule, lililohusiana zaidi na ufaulu wa wanafunzi lilikuwa kuchochea mafunzo ya walimu na wao wenyewe kushiriki humo. Kushiriki maana yake kuketi na daftari, hotuba ya ufunguzi haihesabiki. Ninaowafundisha huwaambia washike japo darasa moja chini ya mtaala mpya. Wengi hunijibu hawana muda. Huo muda wa kukusanya maandalio ya somo na kuyagonga mihuri wanautoa wapi?

Dhana: Tuchukue wanavyofanya Finland.

Mkuu wa shule wa Finland lazima awe na sifa za ualimu, walimu wake wana shahada ya uzamili, na ukaguzi wa shule ulifutwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mnaotaka kuanza na kufuta ukaguzi mnaruka hatua mbili.

Dhana: Basi kila utamaduni na uongozi wake, hakuna cha kujifunza kwingine.

Hii ni ya wale waliochoka na Finland. Mtafiti Kenneth Leithwood na wenzake walieleza mwaka 2008 kwamba viongozi wa shule wanaofanikiwa karibu wote hutumia mambo ya msingi yale yale, kama vile kuonyesha dira, kuwakuza watu na kuupanga upya utendaji wa shule. Linalobadilika ni namna ya kuyatumia mahali ulipo.

Dhana: Mpe mkuu mamlaka kamili, shule itabadilika.

Uingereza ilizikabidhi shule bajeti zao kwa sheria ya 1988, New Zealand ikafuata mwaka 1989 kwa bodi za shule zenye wazazi wa kuchaguliwa. Wakuu wakajikuta mameneja wa fedha, majengo na ajira. Mamlaka ni kitu kizuri, ila yanakuja na mafaili, na mafaili hayo hula saa zile zile za kuwa karibu na ufundishaji. Anayeomba mamlaka aombe na mhasibu.

Dhana: Mkuu shupavu hugeuza shule kwa mwaka mmoja.

Kwa mwaka mmoja hugeuka ratiba na rangi ya ukuta. Singapore huwahamisha wakuu wake kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo huko kila mkuu anaingia akijua atapokea kazi ya mwingine na kuiacha kwa mwingine. Ukihamishwa katikati ya mageuzi, mwachie mrithi wako orodha ya mambo ambayo kila idara ilisema hayawezekani, na mbele ya kila moja umwandikie lilikoishia.