Muziki wa dansi wa kielektroniki hauchakai kwa sababu ya umri

Kati ya mitindo ya muziki huu, house ina zaidi ya miaka arobaini sasa, techno inaifuata kwa karibu, na jungle imevuka thelathini. Kila baada ya muda mfupi kuna mtu anazitangazia msiba, na mengi anayoyasema hayalingani na historia ya muziki wenyewe.

"Kila mtindo una wakati wake; ukipita, umekufa."
Tuanze na disko, maana ndiyo iliyozikwa hadharani. Tarehe 12 Julai 1979, ndani ya uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, santuri za disko zililipuliwa mbele ya maelfu ya watu wakishangilia, na vurugu zilizofuata zikafanya mechi ya pili ya siku hiyo isichezwe. Katika mji huohuo, kwenye kilabu cha Warehouse, dijei Frankie Knuckles alikuwa akipiga disko tangu 1977. Watu wake, wengi wao mashoga weusi na Walatino, hawakuwa wameichoka. Santuri mpya za kuwachezesha zilipopungua, alizirefusha zilizokuwepo kwa kukata na kuunga mkanda, kisha akaziongezea mdundo wa mashine. House ilitoka humo. Soko la disko ndilo lililoporomoka. Waliokuwa wakiicheza waliendelea kucheza.

"Upya unaletwa na vifaa vipya."
Kampuni ya Roland iliunda TB-303, mashine ndogo ya kutoa sauti za besi, ili mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake apate besi ya kumsindikiza. Haikusikika kama besi halisi, haikuuzika, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa haitengenezwi tena. Vijana wa Chicago waliojiita Phuture, DJ Pierre akiwa mmoja wao, waliichukua mashine hiyo iliyokataliwa wakaiacha irudie mfuatano mmoja mfupi wa noti, huku mkono ukizungusha taratibu swichi zinazochuja sauti. Usikilize kwa makini: noti ni zilezile, lakini sauti inafunguka, inabana, inapiga yowe, kisha inarudi chini kukoroma. "Acid Tracks" ilitoka 1987, na mtindo wa acid house ukapata njia. Hata amapiano, ule mgongo wake wa besi unaoitwa log drum ulichotwa kwenye sauti zilizokuwa zimekaa kitambo ndani ya FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, kila mtu akizipita.

"Ukiubadilisha, umeuharibu."
Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu husemwa na watu wanaoupenda muziki huu kweli. Mwaka 1969 kundi la The Winstons lilirekodi "Amen, Brother", na ndani yake mpiga ngoma Gregory Coleman alipewa nafasi ya takriban sekunde saba peke yake. Miaka ya mwanzo ya 1990, maprodyuza wa London walikiingiza kipande hicho kwenye sampla, yaani mashine ya kunasa na kurudia vipande vya sauti, wakakikata pigo kwa pigo, wakakipanga upya na kukikimbiza hadi zaidi ya mapigo 160 kwa dakika, huku besi iliyorithiwa kwa reggae ikitembea chini yake kwa nusu ya kasi hiyo. Jungle nzima ilisimama juu ya vipande vya namna hiyo, na hadi leo kuna watu wanakikata kile cha Coleman wakapata kitu ambacho hakijasikika.

Chicago nako, vizazi vya baadaye viliivuta house hadi ikawa mtindo mwingine, footwork. RP Boo na DJ Rashad, maprodyuza wake, walikuwa wachezaji wa dansi, na inasikika: biti zao zinaacha mapengo mahali ambapo mguu unatakiwa kujibu, ngoma nzito ya kick inachelewa, sauti ya mtu inakatwa neno likiwa nusu. Mtetezi wa house "halisi" ataikataa. Lakini Knuckles mwenyewe alianza kwa kukata nyimbo za wengine. Huo uhalisi anaoutetea haukuwahi kukaa palepale.

"Basi ongeza kasi tu."
Hapana. Amapiano ilizaliwa Afrika Kusini kutokana na mitindo ya deep house na kwaito, ikapunguza mwendo hadi takriban mapigo 112 kwa dakika, na imezunguka dunia.

"Sauti za zamani zikirudi, mtindo umefufuka."
Hapa pana ukweli nusu. Mwaka 2022 Beyoncé aliipeleka house kwa mamilioni ya wasikilizaji kupitia albamu ya Renaissance, na lilikuwa jambo jema. Ila sioni uhai katika rundo la nyimbo zinazonakili piano na ogani za miaka ya 1990 hadi kwenye urefu wa utangulizi. Kipimo ninachokiamini ni cha kwenye sakafu ya dansi. Dijei akiunganisha wimbo wa 1991 na uliotengenezwa mwaka huu, angalia miili ya watu wakati mmoja unapompisha mwenzake. Wakiendelea kwa mtikisiko uleule, prodyuza amenakili. Bega likishuka, au hatua ikatafuta mahali pengine pa kutua, amewapa kitu kipya, hata kama kila sauti aliyoitumia ina umri mkubwa kuliko yeye.